Miguu ya mama ilivyovimba, na kliniki tuliyohamia hapa Malindi

Nimempeleka mama kliniki hii mara nne sasa. Ana miaka 71, ana presha na sukari, na tunakaa Shela hapa hapa Malindi. Naandika kwa sababu watu huniuliza sana, "Mzee wangu nimpeleke wapi?", na jibu la "nenda pale, daktari ni mzuri" halimsaidii mtu.

Nianze na kilichotutoa tulikokuwa. Kliniki ile, ambayo sitaitaja, iko ghorofani. Mama anapanda ngazi, anafika juu akihema, anakalishwa, mkanda wa presha unafungwa juu ya mkono wa buibui, na huku anaulizwa jina na nambari ya simu. Siku moja mashine ikasoma 178 kwa 100. Hakuna aliyerudia kupima. Amlodipine, dawa yake ya presha, ikapandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10, tukatoka. Baada ya wiki tatu miguu ikavimba hata ndara hazimwingii. Tukarudi, akaongezewa dawa ya kutoa maji mwilini. Nyumbani kila mtu na lake: mara figo, mara moyo, mara jicho la watu. Mama akawa halali kwa hofu.

Hii ya sasa ina madaktari wawili na muuguzi wa kike, na iko chini, tuktuk inafika mlangoni. Muuguzi alimwamkia, "Shikamoo mama," kisha akamuuliza kama angependa kwenda msalani kwanza, kwani kibofu kikijaa presha nayo hupanda. Akavuta pazia, akampandishia mkono wa buibui mpaka juu, akamkalisha kwenye kiti cha kuegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. "Pumzika dakika tano, mama. Tusizungumze." Akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akangoja, akarudia. 146 kwa 84, halafu 142 kwa 82. Zote akaziandika, akatuonyesha.

Daktari alimbonyeza mama kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akaachia. Shimo likabaki pale pale. Akatuomba mfuko wa dawa, akazipanga mezani moja moja, akainua amlodipine: "Huenda ni hii. Kipimo kikipanda, watu wengi huvimba miguu." Hata hivyo hakukimbilia jibu. Alisikiliza moyo na mapafu, akapima mkojo na damu kuangalia figo, na majibu yalipotoka salama akairudisha amlodipine kwenye 5, akaondoa ile dawa ya maji, akaongeza losartan kidogo, nayo ni dawa ya presha. Akatutaka turudi baada ya wiki mbili kupima damu tena, kwa kuwa losartan inataka figo na potasiamu viangaliwe. Nyumbani tupime presha asubuhi na jioni kwa siku saba, tuandike. Miguu ilianza kunywea ndani ya wiki mbili hizo.

Nilichokipenda zaidi ni maswali yake. Hakusema "punguza chumvi" akanyamaza. Aliuliza, "Mama, ng'onda unakula? Papa mkavu? Achari je?" Mama akacheka, akakiri vyote. Akaambiwa samaki wa chumvi alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, asitiwe chumvi nyingine chunguni, na asiwe wa kila siku. Hilo mama analifuata, maana ameambiwa jambo linalowezekana jikoni kwake.

Vivyo hivyo kwa Ramadhani. Mwezi wa Shaabani ulipoingia daktari alimuuliza kama ana nia ya kufunga, akampangia dawa za sukari za kufuturu na za daku, akamwambia sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 (kwa mashine inayosoma mmol/L) afungue saa hiyo hiyo, hata kama magharibi iko karibu. Mama alihofia kujitoboa kidole kutabatilisha saumu. Daktari akasema hilo amuulize shehe wake. Tukamuuliza, akasema haibatilishi.

Na miguu yenyewe. Kwa miaka tisa ya sukari hakuna aliyewahi kumvua mama viatu. Hapa walimfumbisha macho, wakamgusa nyayo na vidole kwa uzi mgumu mwembamba, aseme kila anapouhisi, wajue kama sukari imemfisha ganzi. Mama, mke wa mvuvi, aliponyooshewa ule uzi autazame akasema, "Mwanangu, si mshipi wa kuvulia huu!" Sehemu mbili chini ya mguu wa kushoto hakuhisi kitu. Tangu siku hiyo hatembei peku uani, na kila usiku mjukuu wake anamkagua nyayo kwa tochi ya simu.

Kasoro zipo. Mara ya pili tulingoja saa tatu kasoro, na wazee wawili walikuwa wamesimama kwa kukosa viti. Majibu ya damu tuliahidiwa kupigiwa simu siku ya pili, hatukupigiwa. Nilienda mwenyewe siku ya nne, nikalalamika, wakaomba radhi, na tangu hapo wanapiga. Bima ya SHA, yaani bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hawaipokei. Kumuona daktari ni shilingi 1,000, vipimo mbali. Kwa familia nyingi hapa hizo si pesa ndogo, na linaniuma kuona huduma kama hii inategemea mfuko wa mtu. Angalau dawa wanaziandika kwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni, kwa hiyo unaweza kununua duka lolote lenye bei nafuu.

Leseni zao za mwaka huu zimetundikwa mapokezi. Nilitafuta majina yao kwenye orodha ya Baraza la Madaktari mtandaoni, nikayakuta.

Ukimpeleka mzee wako, fika kabla ya saa mbili asubuhi. Beba dawa zake zote, hata zile alizoziacha, na mvalishe nguo ya mkono mpana.