Banda la Wisconsin na banda la Goba

Mabanda ya kale ya ng'ombe wa maziwa kule Wisconsin, Marekani, ni majumba hasa. Chini kuna kuta za mawe, ndiko wanakolala ng'ombe; juu kuna dari kubwa ya kuhifadhia nyasi kavu. Kila upande wa paa una miteremko miwili, wa juu umelala na wa chini umesimama, ili dari ipate nafasi. Majira ya baridi nyasi zinateremshwa kupitia tundu, na joto la ng'ombe wenyewe linalipasha banda. Tatizo lilikuwa hewa nzito. F. H. King, mtaalamu wa kilimo aliyebuni banda la mviringo lenye silo (ghala refu la malisho) katikati mwaka 1889, aliweka njia za kupitisha hewa bila mashine yoyote.

La Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, ni nguzo, mabati, sakafu ya saruji yenye mteremko na hori. Basi. Kuta za nini, na joto hili la Dar? Nyasi zinaletwa kwa bodaboda, pumba na mashudu dukani.

Kwa uzuri, la Wisconsin halina mpinzani. Mimi ningejenga la Goba, ila paa liinuliwe: bati la chini likipata jua la adhuhuri, ng'ombe anahema tu na maziwa yanapungua.