Tahadhari: safari ya bei nafuu ya Kambi ya Chini ya Everest na helikopta ya "bure"

Ninaandika tahadhari hii kwa ajili ya wenzangu wanaopanga kwenda Nepal kutembea hadi Kambi ya Chini ya Mlima Everest, kwa kuwa mimi na mdogo wangu tulitapeliwa huko Oktoba iliyopita na kampuni moja ya Kathmandu. Jina lake silitaji, kwanza kwa sababu lalamiko letu bado liko polisi, na pili kwa sababu, kama nitakavyoeleza, jina lenyewe limekwisha kubadilishwa. Kitakachowafaa zaidi ni kuujua mtindo wao. Safari huuzwa kwa bei isiyolipa, kisha faida hutafutwa katika kuugua kwa mteja.

Tulimpata muuzaji kupitia tangazo la mtandaoni. Kampuni nyingine tatu tulizoziuliza zilitutajia kati ya dola 1,250 na 1,450 kwa mtu mmoja kwa siku 12. Huyu alisema 890, na humo akajumuisha ndege ya kwenda na kurudi Lukla, mji mdogo ambako matembezi huanzia, vibali, mwongozaji, mpagazi, malazi na milo mitatu kwa siku. Tungekaa chini na kalamu tungeona kwamba tiketi ya ndege hiyo peke yake, kwa bei anayotozwa mgeni, inakula sehemu kubwa ya fedha hizo. Hatukukaa. Alitaka asilimia 30 itumwe mapema kwa jina la mtu binafsi, akidai kwamba akaunti ya kampuni ilikuwa katika ukaguzi, na alipoona tunasita alitukumbusha kuwa tangu tarehe 1 Aprili 2023 serikali ya Nepal inawataka wageni watembee na mwongozaji kutoka kampuni iliyosajiliwa, na kwamba waongozaji walikuwa wanakwisha. Kanuni hiyo ipo kweli. Alichotuficha ni kwamba eneo la Khumbu, ambako ndiko njia ya Everest ilipo, halmashauri ya huko haikuitekeleza, na watu wameendelea kupita bila mwongozaji.

Fedha iliyobaki tulimlipa taslimu mtaani Thamel, Kathmandu, na "risiti" aliyotupa ilikuwa karatasi yenye muhuri wa jina la kampuni bila namba yoyote ya usajili.

Hapa lazima nikiri kosa langu, kwa sababu nadhani wengi waliokulia karibu na Kilimanjaro watalifanya vilevile. Mimi nimepanda Kilimanjaro mara mbili kwa njia ya Marangu, na nilidhani nimeshajua jinsi safari za milimani zinavyoendeshwa. Kwetu kampuni hulipa ada za hifadhi kabla hujafika getini, na chakula hubebwa na wapagazi na kupikwa na mpishi wa msafara, hivyo mgeni akishalipa Moshi au Arusha hana tena haja ya kufungua pochi hadi siku ya bahashishi. Khumbu mambo ni tofauti kabisa. Kila jioni unalala katika nyumba ya wageni ya familia, ambayo huko huitwa nyumba ya chai, na chumba hutolewa kwa bei ndogo kwa masharti kwamba utakula hapo hapo. Faida ya mwenye nyumba iko kwenye sahani ya wali na dengu, kwenye chupa ya chai, kwenye maji ya moto ya kuoga na kwenye kuchaji simu, na bei ya kila kimoja hupanda kadiri unavyopanda, kwa kuwa vyote vimebebwa mgongoni mwa mtu au mnyama. Kwa hiyo maneno "milo imejumuishwa" yana maana pale tu mwongozaji anapokuwa na fedha mkononi za kulipa kila asubuhi. Wetu hakuwa nazo.

Dalili zilianza mapema. Katika msimu wa wageni wengi, ndege nyingi za Lukla huondokea uwanja wa Manthali, wilaya ya Ramechhap, si Kathmandu, na kufika huko ni mwendo wa saa nne au tano kwa gari usiku wa manane. Muuzaji mwaminifu hukueleza hilo kabla hujalipa. Sisi tuliambiwa saa tatu usiku, tukiwa tumeshalala. Mwongozaji tulikutana naye uwanjani. Alikuwa kijana mpole, lakini kitambulisho cha leseni kilichotumwa kwetu awali kwa simu kilikuwa na sura ya mtu mwingine, na tulipouliza alijibu kwamba yule anaumwa. Mawingu yalitufungia Manthali siku nzima. Tulipofika Monjo, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, alituomba tulipe wenyewe kiingilio cha rupia 3,000 kwa kila mgeni na "ofisi itarudisha". Pia tulikuwa tumetozwa dola 20 kila mmoja kwa ajili ya kadi ya usajili wa watembeaji iitwayo TIMS, ambayo katika njia ile hakuna aliyetuuliza. Vilivyokaguliwa vilikuwa tiketi ya hifadhi na kibali cha halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu.

Mandhari hayakutudanganya, na hilo nalisema kwa haki. Ukitoka kwenye miti ya Tengboche asubuhi, mlima Ama Dablam wenye mita 6,812 unakuwa umesimama mbele yako, na kengele za ng'ombe wa mizigo zinasikika kabla hujawaona. Ningerudi kesho.

Sasa nije kwenye kiini cha tahadhari hii, yaani ratiba. Tuliyouziwa ilikuwa na usiku mbili Namche Bazaar, mita 3,440, na usiku mbili Dingboche, mita 4,410, na mapumziko hayo si anasa, kwa kuwa ushauri wa kitabibu unaotumika sana ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mwongozaji alifuta siku ya Namche kwa kisingizio cha ile siku iliyopotea Manthali, ingawa siku ya akiba ilikuwamo kwenye mkataba. Tukatoka Phakding, mita 2,610, tukalala Dingboche baada ya siku tatu za kupanda mfululizo. Jambo la ajabu ni kwamba tayari Tengboche, wakati sote tukiwa wazima na tunacheza karata, alitaka kujua kampuni yetu ya bima na kuomba apige picha ya hati, kisha akasema kwamba mtu akichoka helikopta ni bure, bima italipa.

Usiku wa Dingboche mdogo wangu alishikwa na kichwa, akatapika mara mbili na hakupata usingizi. Saa kumi na moja alfajiri mwongozaji alikuwa ameshawasiliana na ofisi, na ofisi ilituandikia kwamba helikopta itatua saa moja, sote wawili tupande, na mimi nijaze kuwa nina dalili zilezile. Nilipomwambia mwongozaji kwamba mimi naumwa magoti tu, aliniambia nisiwe mkaidi. Nilipopendekeza tushuke kwa miguu, alisema ni hatari. Aliyetuokoa ni mwanamke mwenye nyumba, ambaye kila mtu alimwita didi, yaani dada mkubwa: alitutengenezea supu ya vitunguu saumu, akanyoosha kidole upande wa pili wa kilima na kusema kwamba Pheriche kuna madaktari.

Kweli wapo. Kliniki ya Pheriche inaendeshwa na shirika la Himalayan Rescue Association, lililoanzishwa mwaka 1973, na katika msimu wa wageni madaktari wake hutoa pia mazungumzo ya wazi kuhusu ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, kila alasiri. Tulitembea taratibu, kwa kuwa mgonjwa aliweza kutembea vizuri na kuzungumza sawasawa. Daktari alimpima, akasema ni ugonjwa wa mwinuko wa kiwango cha chini, akampa vidonge vya acetazolamide, vya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, na kutuagiza tushuke tulale chini zaidi. Tulilala Pangboche, na asubuhi aliomba mayai.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Wakala anayemletea mwenye helikopta mgonjwa hupata kamisheni, na hospitali inayompokea nayo hutoa yake. Wagonjwa kadhaa hupakiwa katika ndege moja, kisha kila kampuni ya bima hutumiwa ankara ya safari nzima kana kwamba mteja wake alisafiri peke yake. Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2018 kamati ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ya Nepal iliyaeleza mambo ya namna hii, baada ya kampuni za bima za nje kutishia kuacha kuwakatia bima wageni wa huko. Ndiyo maana dola 890 zinaweza kumtosha muuzaji: bei ndogo ni chambo, na siku ya mapumziko iliyofutwa ndiyo ndoana.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu helikopta zenyewe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa maneno, au akahema akiwa amekaa tu, huyo anaweza kufa ndani ya saa chache, na lazima ashushwe mara moja kwa njia yoyote iliyopo, usiku au mchana. Kwa wengine, namba ya dharura ya bima yenu iwe kwenye simu yenu wenyewe, na ninyi ndio mpige. Bima hutaka kuidhinisha uokoaji kabla haujafanyika, na baadhi ya mikataba haivuki kimo fulani, kwa hiyo soma kama yako inafika mita 5,364 za Kambi ya Chini na zaidi kidogo, kwa maana wengi hupanda pia Kala Patthar, kilima cha jirani kilicho juu zaidi ya kambi.

Kabla ya kulipa hata senti, mwombeni muuzaji akutumieni ratiba yenye jina la kila kituo na kimo chake, na mhesabu wenyewe usiku wa mapumziko. Mtakeni pia aandike ndani ya mkataba ni nani anayelipa nyumba za chai, kwa kiasi gani kwa siku, na nini kitatokea ndege ikichelewa. Leseni ya kampuni na ya mwongozaji iwe na jina la yule atakayetembea nanyi, na mkutane naye Kathmandu, ana kwa ana, siku moja kabla. Ulizeni mpagazi mmoja atabeba mizigo ya wageni wangapi. Yule wa kwetu alibebeshwa mabegi matatu, moja likiwa la mwongozaji, na hatukujua hadi Namche. Muuzaji akikasirika kwa maswali haya, mwacheni aende.

Sisi tulirudi Lukla bila mwongozaji, aliyetutoroka Namche akiacha madeni ya milo ya siku nne, ambayo tuliyalipa kwa sababu wenye nyumba zile hawakuwa na kosa. Kathmandu tulikwenda kwa Polisi wa Watalii pale Bhrikutimandap, wakatupokea kwa heshima na kumwita muuzaji, naye akarudisha dola 300 na kuahidi nyingine ambazo hazijafika. Wiki mbili zilizopita niliona tangazo lake likiwa na picha zilezile, zikiwamo mbili ambazo mdogo wangu alimtumia tukiwa njiani, chini ya jina jipya la kampuni na bei mpya ya dola 870.