Nepi za kichanga: tazama kitovu kwanza

Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilijiona mjanja. Nikanunua bunda kubwa la nepi zenye punguzo, saizi ya tatu, nikijiambia mtoto si atakua tu. Akazaliwa na kilo 2.9. Nepi ya kwanza niliyomfunga ilimpanda hadi tumboni, na ule ukingo mgumu wa mbele ukalalia kitovu kibichi. Kila akirusha miguu, unakwaruza. Siku ya tatu nikakuta tone la damu ndani ya nepi, nikalia kumshinda mtoto. Mkunga aliukunja ukingo ukaenda chini, akanitazama: "Mwanangu, hizi ulimnunulia nani?"

Kwa hiyo sitapoteza muda na habari za kunyonya mkojo. Siku za mwanzo utambadilisha mara kumi hivi kwa siku, utake usitake. Mimi nakagua ukingo wa mbele. Kitovu hukauka na kudondoka ndani ya wiki moja au mbili, pengine hata tatu, na kinachokisaidia ni kukaa kikavu na kupigwa na hewa. Nepi ikikifunika, mkojo unakifikia. (Ukiona usaha, au wekundu unaosambaa kwenye ngozi, au mtoto ana homa, achana na nepi, mpeleke hospitali.)

Namba moja kwangu ni Pampers Swaddlers, ile saizi ndogo ya watoto wachanga. Ndiyo, nina upendeleo na sifichi. Mbele ina mkato uliochongwa makusudi kupisha kitovu. Halafu ina mstari wa njano unaogeuka bluu ikilowa, hivyo saa nane za usiku humfungui mtoto bure. Si rahisi kwa bei, najua. Nunua pakiti moja tu, ndogo, ya kuvukia siku za kitovu. Saizi hiyo inaishia kwenye kilo 4 na nusu hivi, na wapo wanaozaliwa tayari wameikaribia.

Ya pili ni nepi za kitambaa, zile za mraba za pamba. Unazikunja utakavyo na ukingo unaushusha mwenyewe. Dazeni mbili zinatosha kama hukwepi kufua, na mdogo wake atazirithi. Usiweke dawa ya kulainisha nguo, zitaacha kunyonya.

Ya tatu ni zile za kitambaa zenye vifungo vya kubana, zinazosifiwa kuwa zinamfaa mtoto tangu anazaliwa hadi anaacha nepi. Kwa kichanga ni furushi. Mapajani zinaacha mianya, tumboni zinajaa mpaka juu. Subiri anenepe.

Zile za bei ya chini kabisa, zinazohesabiwa kutoka kwenye gunia lililo wazi? Hujui saizi, hujui zimelala wapi. Hapana.

Ila hasira zangu ziko kwa wauzaji. Namwambia dada wa dukani nataka za mtoto mchanga, ananipa saizi ya pili: "Chukua hizi, atazijaza." Atazijaza lini, na kitovu kinangoja? Ile ndogo haikai rafuni kwa sababu, eti, haitoki. Halafu tazama pakiti: ukubwa ni uleule, rangi zilezile, bei imepanda, na idadi ya nepi imepungua kimyakimya, imeandikwa pembeni kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Gawa bei kwa idadi palepale kaunta, hata foleni ikiguna. Mimi nimewahi kukuta bunda la "ofa" ambalo kila nepi ilikuwa ghali kuliko ya pakiti ndogo iliyo pembeni yake.

Na lile bunda langu la saizi ya tatu? Lilimwenea mtoto alipotimiza miezi mitano. Vishikizo vilikuwa vimeshaacha kunata, nikawa nazifunga kwa plasta.