"Roads" ya Portishead: uzoefu wangu

Huu ni wimbo ninaourudia mwaka hadi mwaka, na kila mara naupa alama zote. Umo kwenye Dummy, albamu ya kwanza ya Portishead, iliyotoka 1994 na mwaka uliofuata ikanyakua Tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka, huko Uingereza. Bendi yao ni ya upande wa Bristol, kitovu cha trip-hop: midundo ya hip-hop iliyopunguzwa mwendo, besi nzito, na uimbaji uliojaa simanzi.

Unaanza na kinanda cha umeme cha Rhodes kikiwa peke yake, mlio wake ukitetemeka kama taa inayotaka kuzimika. Hawana haraka. Ndipo dramu na besi zinaingia, na Beth Gibbons anaimba kwa sauti nyembamba ambayo mahali pengine inakaribia kukatika. Fidla zinapokuja kujaza nafasi, mimi huwa nimeshaacha chochote nilichokuwa nakifanya.

Wengi husema ni wimbo wa mapenzi yaliyovunjika. Mimi nasikia zaidi ya hapo. Mwanzoni anazungumzia "sisi": tuna vita, njia hatujaiona, mbona watu hawalitambui hilo? Ukifika ubeti wa pili, "sisi" imetoweka. Amebaki yeye, ameganda ndani ya nafsi yake, hana hata mmoja wa kusimama upande wake. Hakuna anayetueleza yule mwenzake kaenda wapi. Uchungu wote uko hapo, na kiitikio hakitoi jibu, kinauliza tu inakuwaje mambo yahisike kuwa si sawa kiasi hiki.

Niliuelewa vizuri baada ya kumzika bibi yangu. Matanga yalipoanuliwa, wageni wakarudi makwao, viti vya kukodi vikapakiwa kwenye gari, nami nikabaki na watu wa nyumbani ambao kila mmoja alikuwa na msiba wake. Wimbo huu haukunifariji kwa maneno matamu, ila ulikaa nami, na hilo lilinitosha.

Usiusikilize kwa spika ya simu, utaipoteza besi yote. Vaa hedifoni. Na kama msiba wako bado mbichi, usiusikilize usiku ukiwa peke yako.

Anza na ile ya studio. Baadaye tafuta video ya onyesho lao la Roseland Ballroom, New York, la 1997, walipopiga na okestra. Fidla za pale zina uzito ambao studio haikuupata.