Mgeni njoo, mwenyeji apone: uzoefu wangu wa kutafuta kikundi ndani ya Final Fantasy XIV

Kabla ya Final Fantasy XIV, mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi mtandaoni, nilikuwa nimejaribu mwingine wa aina hiyohiyo, ambao sitautaja. Nilicheza peke yangu wiki tatu, nikapanda leveli vizuri tu, na siku nilipothubutu kuingia kwenye kikundi nikatolewa hata kabla hatujamfikia bosi, yaani adui mkubwa, wa kwanza. Hakuna aliyeniambia nimekosea nini. Niliufuta mchezo usiku uleule, na kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba michezo hii ya mtandaoni, ambamo kila mtu huigiza mhusika wake, ni ya watu ambao tayari wana marafiki humo. Final Fantasy XIV ndio ulionitoa kwenye imani hiyo, na naandika nikiwafikiria wale waliokwama mlangoni kama nilivyokwama mimi.

Mchezo huu ulizinduliwa upya Agosti 2013, na una toleo la majaribio la bure lisilo na kikomo cha siku. Unacheza mpaka leveli ya 70, pamoja na nyongeza mbili za mwanzo, Heavensward na Stormblood. Nilianzia hapo. Nikachagua kuwa Conjurer, mponyaji anayeanzia mji wa Gridania, kwa hesabu kwamba kila kikundi kinahitaji mponyaji, kwa hiyo sitakataliwa. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Nilichosahau ni kwamba mponyaji akikosea, watu wote wanaona.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuuelewa. Kikundi cha kawaida kina watu wanne: tanki mmoja, yaani yule anayevuta maadui wampige yeye na kuwaacha wengine, mponyaji mmoja na washambuliaji wawili. Hulazimiki kuomba mtu. Unafungua Duty Finder, unachagua pango (eneo la maadui lenye mabosi ndani yake) unalotaka kuingia, unakaa kwenye foleni, na mchezo unakuokotea watatu wengine, hata kama wako seva nyingine. Washambuliaji ndio wengi, kwa hiyo wao husubiri zaidi. Tanki na mponyaji mara nyingi huitwa haraka, wakati mwingine haraka kuliko moyo ulivyojiandaa.

Pango la kwanza ni Sastasha, leveli ya 15. Mlio wa kuitwa uliposikika, mikono ilitetemeka. Tuliingia, mtu mmoja akasalimia, na tanki akaondoka mbio. Hakusimama kwenye kundi la kwanza la maadui. Alilipitia, akachukua na la pili, wote wakamfuata nyuma kama nyuki. Mimi nilikuwa bado natafuta jina lake kwa kipanya. Uponyaji wa mwanzo unakutaka usimame tuli mpaka ukamilike, ukisogea unakatika, na mimi nilikuwa nakimbia nao. Tanki akaanguka, washambuliaji wakafuatia, nami nikamalizia. Tukajikuta wote tumerudi mwanzo wa pango.

Nilikuwa na hakika nitatolewa. Nikaandika kwenye chati kwamba samahani, ni mara yangu ya kwanza. Tanki akajibu kwamba alijua, na kosa ni lake kwa kukimbia. Alijuaje? Hapa ndipo nilipoanza kuupenda mchezo huu. Mchezaji mpya huwekewa alama ya chipukizi, jani dogo la kijani kando ya jina lake, na kila mtu analiona. Tena kikundi kikiingia mahali ambapo mmoja wao hajawahi kupamaliza, ujumbe hutokea kwenye chati za wote kuwaarifu, na kuwaambia kwamba wakimaliza salama watapata zawadi ya ziada kwa sababu yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walioutengeneza mchezo wameichukua busara hiyo wakaiweka kwenye hesabu: mimi niliyejiona mzigo ndiye niliyewaletea wenzangu faida.

Kuna jambo jingine linalofanya kazi chini kwa chini. Wachezaji wakongwe hupata malipo mazuri mara moja kwa siku wakikubali kupelekwa pango lolote, na wakifika huko leveli yao hushushwa ilingane na ya pango. Ndiyo maana hata Sastasha, ambalo mkongwe hana haja nalo tena, halikosi watu. Bila hilo mgeni angekaa foleni hadi achoke.

Basi tukaanza upya. Tanki akawa anavuta kundi moja moja. Mshambuliaji mmoja akanielekeza nisihangaike na kipanya, nitumie vitufe vya F: F1 ni mimi mwenyewe, F2 na kuendelea ni wenzangu kwa mpangilio wa orodha iliyo pembeni ya skrini. Ushauri huo mmoja ulinifaa kuliko saa zote nilizocheza peke yangu. Tukafika kwenye matumbawe ya rangi, ambapo lazima usome karatasi yenye damu ili ujue ni rangi ipi ya kugusa, na wakanisubiri niisome mwenyewe ingawa wangeweza kulimaliza wao kwa sekunde mbili. Bosi wa mwisho, Denn, huita maadui wapya kutoka majini. Unaona maji yanachemka kwenye mojawapo ya vyuma vya sakafuni, na mtu akienda kupagusa mapema, hawatoki. Nikapewa kazi hiyo mimi. Nilikuwa naponya huku nakimbilia maji, na kwa mara ya kwanza nilisahau kuogopa.

Tulipomaliza, kila mtu anaruhusiwa kumpa mwenzake mmoja pongezi. Nikapata moja. Najua ni namba tu, lakini niliitazama muda mrefu. Nilipomaliza kuandika shukrani zangu, wenzangu wawili walikuwa wameshaondoka. Majina yao siyakumbuki.

Hilo ndilo pungufu la kutafutiwa kikundi na mashine, na mgeni alijue mapema ili lisimvunje moyo. Unapata kikundi, hupati wenzako. Dakika ishirini mnapigana bega kwa bega, mlango unafunguka, kila mtu njia yake. Nilifanya hivyo miezi miwili. Nikawa mponyaji mzuri, lakini sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia hujambo nikiingia.

Kuhusu lugha, usiogope sana. Toleo la kimataifa la mchezo liko kwa Kijapani, Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa tu, lakini kuna kamusi ndani ya chati: unaanza kuandika neno, unabonyeza Tab, unachagua kifungu kilichotayarishwa, na mwenzako anakisoma kwa lugha ya mchezo wake. Salamu, samahani, subiri kidogo, asante, vyote vimo. Nimepita mapango mazima na watu ambao sikujua wanazungumza nini nyumbani kwao.

Kuna pia njia ya kuingia na wahusika wa hadithi wanaoongozwa na kompyuta badala ya watu, inayoitwa Duty Support, na tangu 2022 hata Sastasha limo. Wahusika hao hawakimbii wala hawakasiriki. Ninaipenda kwa mazoezi ya mara moja, hasa kujifunza bosi anafanya nini. Ila ukijificha humo hadi leveli ya 50 utakutana na watu wakati mapango yamekuwa magumu, na utakuwa hujawahi kumponya tanki mwenye haraka. Bora aibu uipate leveli ya 15, wakati bado una jani la kijani kichwani. Na ukifika leveli hiyo, kabla ya kuingia popote, pita kwanza Hall of the Novice, chumba cha mafunzo cha nafasi zote tatu. Ukimaliza unapewa vifaa, pamoja na pete inayokuongezea kasi ya kupanda leveli mpaka ya 30. Mimi nilikiruka, na Sastasha likanifundisha kwa gharama ya wenzangu watatu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kundi kubwa halitishi kama dogo. Ukifika Crystal Tower, leveli ya 50, mnaingia watu 24, vikundi vitatu vya wanane. Nilikesha nikiliogopa. Kumbe kila kikundi kina waponyaji wawili, ukianguka kuna mtu wa kukuinua, na makosa yako yanamezwa na wingi. Ni kwenye wanne ndipo huna pa kujificha.

Sasa chama, yaani kikundi cha kudumu cha wachezaji, ambacho hapa huitwa Free Company. Mwenye toleo la bure hawezi kujiunga nacho, wala kuanzisha kikundi chake mwenyewe, ingawa anaweza kuingia kwenye cha mwingine. Nililipa hasa kwa ajili ya chama. Dakika chache baadaye, nikiwa nimesimama mjini, mtu nisiyemjua akanitumia mwaliko bila hata salamu nami nikaukubali kwa furaha. Chama hicho kilikuwa na majina mengi na kimya kirefu. Niliuliza swali mara tatu, hakuna aliyejibu. Nikatoka baada ya wiki mbili, nikiwa na upweke kuliko kabla sijaingia.

Cha pili nilikitafuta kwa njia nyingine. Badala ya kuangalia idadi ya watu, nilijiunga na vikundi vya muda kupitia Party Finder, ubao ambao watu hubandika matangazo ya kutafuta wenzao. Nikachagua yale tu yaliyosema wageni wanakaribishwa. Nilikuwa nasikiliza jinsi watu wanavyoongea baada ya kufa wote. Kwa jinsi ninavyoona mimi, huo ndio wakati wa kuwajua. Wapo wanaohesabu kosa ni la nani, na wapo wanaoulizana tufanyeje. Kundi moja tulikufa mara tano kwa bosi mmoja, na kila mara mwanamke aliyekuwa tanki alieleza kitu kimoja tu cha kurekebisha, akamaliza kwa kuuliza kama tuko tayari. Mwisho wa usiku ule nilimuuliza kama yuko kwenye chama na kama kina nafasi. Kuuliza huko kulinichukua robo saa ya kuandika na kufuta. Jibu lilikuja mara moja.

Ni chama cha watu kumi na mmoja, na wengi wao siwahi kuwaona kwa sababu saa zetu za kucheza hazilingani. Lakini kuna usiku mmoja kwa wiki tunaokutana watano au sita, na nikichelewa mtu huuliza nilipo.

Kwa mchezaji mpya anayetaka kuujua ulimwengu wa vikundi, naupa alama ya juu kabisa kwa namna unavyompokea mgeni mlangoni. Usiruke hadithi kwa haraka, mapango hufunguka humo. Na usikimbilie kulipa: ukishanunua toleo kamili, akaunti hiyo hairudi tena kuwa ya majaribio, kwa hiyo kaa kwenye la bure mpaka siku utakapokuwa na sababu yenye jina la mtu.