Kuzisoma Upya Hadithi za Sherlock Holmes: Kinachobaki Siri Ikishajulikana

Hadithi ya upelelezi hubeba mzigo ambao hadithi nyingine haziubebi: sehemu kubwa ya utamu wake imefichwa mwishoni, na msomaji akishafika huko hawezi tena kurudi mwanzoni akiwa hajui kitu. Ndiyo maana kuisoma mara ya pili ni kipimo kikali kuliko vyote. Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa Edinburgh, aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za mpelelezi Sherlock Holmes, ya kwanza ikitoka mwaka 1887 na ya mwisho mwaka 1927. Nimezisoma zote upya kwa mpangilio wa kuchapishwa kwake, nikizipima kwa swali moja: ikiwa tayari namjua mkosaji na njia aliyoitumia, je, bado nina sababu ya kufungua ukurasa unaofuata? Kwa hadithi nyingi jibu ni ndiyo, na kwa kadhaa sababu hiyo ni kubwa kuliko ilivyokuwa mara ya kwanza. Kwa kuwa hukumu kama hii haielezeki bila kugusa miisho, asiyewahi kuzisoma ajue kwamba baadhi ya siri zitafichuka hapa, ingawa siri ya riwaya iliyo bora kuliko zote nimeiacha ilivyo.

Riwaya mbili za mwanzo zinamwonyesha mwandishi ambaye bado anatafuta njia. Katika A Study in Scarlet ya mwaka 1887, kurasa za mwanzo hazijachuja hata kidogo. Daktari Watson, aliyerudi London na jeraha la vita vya Afghanistan, anatafuta mtu wa kuchangia naye kodi ya nyumba, anapelekwa kwenye maabara ya hospitali, na mtu asiyemfahamu anamtazama mara moja na kumwambia alikotoka. Uzuri wa tukio hilo hautegemei siri yoyote, kwa hiyo haupungui. Lakini katikati ya kitabu Doyle anamwacha mpelelezi wake, anahamia Utah nchini Marekani kusimulia kisa cha miaka mingi nyuma, na kuwachora waumini wa dhehebu la Wamormoni kama genge la watesaji. Msomaji wa mara ya kwanza huvumilia kwa sababu anangojea maelezo. Wa mara ya pili hana anachongojea. Naipa 6 kati ya 10.

The Sign of the Four ya mwaka 1890 imeandikwa kwa mkono uliokomaa zaidi, inaanza na kuishia kwa Holmes na kokeini yake, na ina mbio za mashua katika mto Thames ambazo hazichoshi. Hata hivyo nayo naipa 6, na sababu ni Tonga, mtu wa visiwa vya Andaman anayeua kwa mishale ya sumu. Watson anamweleza kama mnyama, na Holmes, ili kumtambulisha, anavuta kitabu kutoka rafuni na kusoma maelezo yanayowaita watu wa visiwa hivyo wabaya wa sura na wala watu. Mpelelezi ambaye halikubali neno la shahidi yeyote bila kulipima, anayechunguza hadi majivu ya sigara na matope ya viatu, anapokea maneno hayo bila kuuliza ni nani aliyeyaandika na aliwaona wapi watu anaowataja. Siwezi kulipitisha jambo hili kwa kisingizio cha enzi zile, kwa kuwa linavunja kanuni ya Holmes mwenyewe.

Mfululizo unapata umbo lake halisi Julai 1891, hadithi fupi zilipoanza kutoka katika jarida la The Strand. Doyle alikuwa amepiga hesabu nzuri: mhusika abaki yuleyule, lakini kila toleo liwe na kisa kinachojitosheleza, ili msomaji aliyekosa toleo moja asipoteze kitu. Hadithi 12 za kwanza, zilizokusanywa mwaka 1892 kwa jina la The Adventures of Sherlock Holmes, ndizo zilizonishangaza zaidi katika usomaji huu, na mkusanyiko mzima naupa 9.

Chukua “The Red-Headed League”. Jabez Wilson, mwenye duka dogo la kukopesha fedha kwa rehani, anamjia Holmes kulalamika kwamba kazi yake nzuri imetoweka: alikuwa akilipwa pauni 4 kwa wiki kukaa ofisini kwa muda wa saa nne kila siku na kunakili ensaiklopedia, kwa sifa moja tu ya kuwa na nywele nyekundu. Mara ya kwanza tunacheka na kujiuliza maana ya kichekesho hicho. Mara ya pili, tukijua kwamba lengo lilikuwa kumwondoa dukani ili handaki lichimbwe hadi kwenye hazina ya benki ya jirani, tunagundua kwamba Wilson ameyasema yote kwa kinywa chake mwenyewe. Anamsifu msaidizi wake kwa kukubali nusu ya mshahara. Analalamika kwamba kasoro pekee ya kijana huyo ni kujichimbia kila mara kwenye chumba cha chini ya nyumba, akisema anasafisha picha. Anaeleza kwamba ni msaidizi huyohuyo aliyemletea tangazo la kazi. Mteja anadhani anasimulia bahati yake njema, kumbe anatoa ushahidi. Ufundi huu wa maneno ya mtu kubeba maana asiyoijua mwenyewe hauwezi kuonekana kikamilifu mpaka mwisho uwe unajulikana, na hapo ndipo ninaposema kwamba hadithi hii imeandikwa kwa ajili ya usomaji wa pili, hata kama Doyle hakukusudia hivyo.

Jambo jingine linalojitokeza ni uchache wa mauaji. Watson mwenyewe anasema, mwanzoni mwa “The Blue Carbuncle”, kwamba kati ya mikasa sita ya karibuni aliyoiandika, mitatu haikuwa na kosa lolote la kisheria. Kinachomvuta Holmes ni jambo lisiloeleweka, liwe uhalifu au lisiwe, na wapo waandishi wengi wa leo wanaodhani kwamba bila maiti katika sura ya kwanza hakuna hadithi ambao wangefaidika kwa kuzisoma kurasa hizi polepole.

Kuhusu “The Speckled Band” nina shaka kiasi. Mwaka 1927 Doyle alipotaja hadithi zake 12 anazozipenda, hii aliiweka ya kwanza. Chumba cha kulala chenye kamba ya kengele isiyolia, tundu la hewa lisilotoka nje, na kitanda kilichokazwa sakafuni ni miongoni mwa vitu vya kutisha zaidi katika mfululizo wote. Lakini siri yenyewe inamtegemea nyoka anayekunywa maziwa na kuitikia mluzi, na anayewajua nyoka hawezi kukubali. Ajabu ni kwamba usomaji wa pili unaiokoa hadithi hii kwa njia nyingine: nyoka anarudi nyuma, na anayebaki mbele ni Helen Stoner, binti anayeficha alama za vidole vya baba yake wa kambo mkononi mwake na kumtetea papo hapo. Hofu ya kweli imo hapo.

“Silver Blaze” haimo kabisa katika orodha ile ya Doyle, na hapa sikubaliani naye. Kwangu ndiyo hadithi fupi bora kuliko zote. Farasi wa mashindano ametoweka usiku huko Dartmoor na mkufunzi wake amekutwa amekufa. Dalili zote zimewekwa mezani mapema: mlinzi wa zizi alileweshwa kwa afyuni iliyotiwa katika mchuzi wa bizari, kondoo kadhaa wameanza kuchechemea, na mbwa aliyekuwepo zizini hakubweka usiku ule. Mbwa ndiye anayekumbukwa na kila mtu, na anastahili, kwa sababu Holmes anaona maana katika jambo ambalo halikutokea. Mimi safari hii nilivutiwa zaidi na bizari. Ladha ya afyuni isingefichika katika chakula cha kawaida, na mgeni aliyepita njia hakuweza kuamua familia ile ipike nini usiku ule, hivyo aliyetia afyuni lazima awe mtu wa nyumbani. Hitimisho hilo halihitaji ujuzi wowote wa pekee. Kila msomaji angeweza kulifikia, na karibu hakuna anayelifikia. Hiyo ndiyo haki kwa msomaji, na Doyle si kila mara anaitenda. Mara nyingi Holmes huona kitu ambacho sisi hatukuonyeshwa, kama magoti ya suruali ya msaidizi wa Jabez Wilson, ambayo tunaelezwa hali yake baadaye tu.

“Silver Blaze” inafungua The Memoirs of Sherlock Holmes, mkusanyiko ninaoupa 8, na humo imo pia “The Yellow Face” ya mwaka 1893, ambayo wengi huipita kwa sababu Holmes anakosea. Grant Munro anamshuku mkewe kwa siri fulani. Holmes anakisia kwamba mume wa kwanza wa mwanamke huyo yu hai na anamtoza fedha kwa vitisho. Siri inapofunuka ni binti mdogo mweusi, mtoto wa ndoa ya kwanza na mwanamume mweusi wa Atlanta, aliyefichwa kwa hofu ya kumpoteza mume wa sasa. Munro anakaa kimya, kisha anamwinua mtoto, anambusu, na kumpa mkewe mkono ili waende nyumbani. Tukiisoma baada ya Tonga, hadithi hii ni kama imetoka kwa mtu mwingine. Wala haiwezi kusemwa kwamba Doyle alizidi kuwa mwema kadiri miaka ilivyokwenda, kwa maana katika “The Three Gables” ya mwaka 1926 mwanamasumbwi mweusi anafanyiwa kejeli na Holmes mwenyewe kwa namna inayoumiza kusoma. Sifa zote mbili ni za mwandishi mmoja, na anayependa vitabu hivi hana budi kuzibeba pamoja.

Mkusanyiko huo unaishia kwa “The Final Problem” ya Desemba 1893, ambapo Doyle, aliyetamani kuwa huru aandike riwaya zake za kihistoria, anamtupa shujaa wake katika maporomoko ya Reichenbach nchini Uswisi. Kama fumbo, haina kitu. Kama maombolezo ya rafiki, ni nzuri sana, na inatukumbusha nani hasa anayeubeba mfululizo huu. Ni Watson. Ushahidi wake uko katika hadithi mbili za baadaye alizosimulia Holmes mwenyewe, “The Blanched Soldier” na “The Lion’s Mane”, ambazo ni baridi na kavu, kwani mwenye akili nyingi akijisifu hapendezi, ila akisifiwa na rafiki mkweli hupendeza. Muhammed Said Abdulla alilielewa hili vizuri alipomweka Najum, rafiki, kando ya mpelelezi Bwana Msa katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960: anayeshangaa ana kazi kubwa sawa na anayeshangaza.

Ndiyo maana The Hound of the Baskervilles, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1901 na 1902, ndiyo riwaya pekee ninayoipa 10. Kwa muda mrefu Holmes hayupo kabisa. Watson yuko peke yake kwenye nyika na vinamasi vya Dartmoor, akiandika barua na shajara, akiogopa, akikisia, akikosea kwa uaminifu. Nimemwona mkosaji akipita kurasa nyingi mbele ya macho ya Watson, akiongea kwa adabu, na kila neno lake sasa lina makali ambayo sikuyahisi hapo awali.

The Return of Sherlock Holmes, ya miaka ya 1903 na 1904, naipa 8. Maelezo ya jinsi Holmes alivyonusurika hayashawishi, lakini “The Dancing Men” ni ya huzuni kubwa kwa anayeijua: tunamtazama Holmes akiifumbua alama moja baada ya nyingine ya michoro ya watu wanaocheza, huku tukijua kwamba atamkuta mteja wake ameshauawa. The Valley of Fear, ya 1914 na 1915, inarudia kosa la riwaya ya kwanza la kujikata vipande viwili, ingawa kipande chake cha pili ni bora zaidi; 7. His Last Bow ni 7 vilevile, hasa kwa “The Bruce-Partington Plans”.

The Case-Book, mkusanyiko wa mwisho wa mwaka 1927, ni 5. Profesa anayejidunga dawa itokanayo na nyani na kuanza kupanda kuta hafai kusimama karibu na mbwa asiyebweka, na “The Three Garridebs” ni njama ya nywele nyekundu iliyovalishwa nguo nyingine. Hata hivyo katika hadithi hiyohiyo Watson anapigwa risasi ya paja, na kwa mara moja Holmes anaonyesha wazi jinsi anavyompenda. Kwa kifungu hicho kifupi kitabu kinastahili kutunzwa.

Anayetaka kuanza asianze na riwaya ya kwanza. Aanze na Adventures, aende kwa Memoirs, kisha Hound, ndipo arudi nyuma kwa riwaya mbili za mwanzo akiwa tayari na subira nazo. Hakimiliki za hadithi hizi zimekwisha, za mwisho zikiwa zimemalizika nchini Marekani Januari 2023, kwa hiyo matini kamili hupatikana bila malipo na matoleo ni mengi mno. La kukwepa ni matoleo yaliyofupishwa. Wanaofupisha huanza kwa kupunguza maelezo marefu ya mteja aliyeketi mbele ya Holmes, wakidhani ni utangulizi tu, na Jabez Wilson akikatwa maneno, kinachobaki ni handaki na benki.