Kupima Kabla ya Kufunga: Huduma ya Gereji Moja ya Tabora kwa Mwenye Ndoto ya Supachaja

Gereji ninayoandika kuihusu haina kibao. Ipo Isevya, hapa mjini Tabora, chini ya miembe miwili mikubwa, na mgeni anayeitafuta huelekezwa na vijana wa bodaboda kwa maneno matatu tu: "kwa mzee plagi". Nilifika hapo mwezi Mei nikiwa na shilingi milioni 4 nilizozikusanya kwa mwaka mmoja na nusu, pamoja na uamuzi nilioudhani umekamilika wa kuifunga gari langu, Toyota Altezza, supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuishindilia hewa zaidi. Nimeondoka na karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu, supachaja haijanunuliwa, na bado naona kwamba fedha yangu ilitumika vizuri.

Altezza yangu ni ile ya AS200, yenye injini ya 1G-FE ya silinda 6 zilizopangwa kwa mstari, cc 1,988, nguvu ya farasi 160 na giaboksi ya manyuo. Ulaya, ambako gari hilihili liliuzwa kwa jina la Lexus IS 200, Toyota Team Europe iliwahi kutoa seti kamili ya supachaja kwa ajili yake, lakini seti ya namna hiyo si ya mfuko wangu. Mpango wangu ulikuwa kununua supachaja iliyotumika aina ya SC14, ambayo Toyota iliifunga kwenye 1G-GZE, ndugu wa injini yangu, kisha kutafuta fundi wa kuichomelea breketi na kuikerezea puli. Niliona kazi nzima kuwa ni ya chuma, mkanda na bolti.

Nilipomwamkia mzee na kuitikiwa marahaba, aliniuliza gari linaumwa nini. Nikamjibu kwamba haliumwi, nataka kuliongezea nguvu. "Basi tuone kwanza hizo lilizonazo, mwanangu," alisema, akamwita kijana wake afungue plagi zote sita na kuzipanga kwenye ubao wenye namba, kila moja mahali pa silinda yake. Kipimo cha mgandamizo, yaani cha jinsi silinda inavyoikandamiza hewa iliyomo ndani, kilisoma kati ya psi 150 na 160 katika silinda tano, na 118 katika ya nne. Kijana akamimina mafuta kidogo ya injini katika silinda hiyo na kupima upya. Kipimo kilipanda hadi 122 tu. Kama ringi zinazoizunguka pistoni ndizo zingekuwa zimechoka, mafuta yangeziba mwanya na kipimo kingeruka juu. Kwa kuwa hakikuruka, lawama iliangukia valvu, vile vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Mzee alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, kwamba valvu ya ekzosi hupoa pale inapokaa kwenye kiti chake, na isiyokaa sawasawa huendelea kuungua; ukiishindilia hewa na petroli zaidi ya ilivyozoea, unaharakisha tu siku ya kuivunja. Upimaji huo, pamoja na ushauri wa saa nzima, ulinigharimu shilingi 50,000.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu aliyoifanya mbele yangu, kwa sababu iliugusa mji wetu moja kwa moja. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa huwa pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko Dar es Salaam. Hivyo injini isiyo na supachaja wala tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi) inayotoa farasi 160 pwani haitoi zote ikiwa huku, hata iwe mpya. SC14 husukuma takriban lita 1.4 za hewa kwa kila mzunguko wake, ilhali injini yangu, ambayo kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, humeza karibu lita moja kwa mzunguko. Puli zikiwa sawa kwa ukubwa, hewa inayoingia huongezeka kwa asilimia 40 kwenye karatasi, na kwa kweli chini ya hapo, kwa sababu sehemu yake huvuja kati ya rota, yaani vyuma vinavyozunguka ndani ya supachaja, na nyingine hupotea kwa joto. Kwa maneno mengine, sehemu ya kwanza ya ongezeko hilo inalipa tu deni la kimo cha Tabora, na kinachobaki ndicho nguvu mpya.

Hapo ndipo alipoiandika karatasi ya pili, ya fedha. Supachaja yenyewe ilikuwa milioni 1.1, yaani chini ya robo ya jumla. Breketi na puli zilikuwa 450,000. Pampu ya mafuta na nozeli kubwa zaidi 850,000. Kompyuta ya kuongoza mafuta na moto milioni 1.6, rejeta 350,000, kushusha hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) na kusaga valvu 400,000. Jumla ilifika milioni 4.75, bila nauli ya kulipeleka gari Dar es Salaam kurekebishwa. Nilipopendekeza tuiache kompyuta kwanza alikataa katakata, na nadhani alikuwa sahihi. Injini yangu ina uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, wakati Toyota wenyewe waliushusha walipotengeneza 1G-GZE. Ukiilisha hewa zaidi bila kuirudisha nyuma saa ya cheche na bila kuongeza petroli, itaanza kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni haivumilii kugonga kwa muda mrefu. Pampu za hapa mjini nazo hazinipi uchaguzi wa oktani, yaani kiwango cha petroli kustahimili kugonga.

Huduma hii ina kasoro, na ni vyema nizitaje. Niliahidiwa siku mbili, gari likakaa tano. Risiti niliiomba mara mbili ndipo ikaandikwa. Gereji haina kipimo cha uwiano wa hewa na petroli wala mashine ya kupimia nguvu, ingawa mzee alikiri mwenyewe bila kuulizwa kwamba marekebisho ya mwisho hawezi kuyafanya. Tena sikubaliani naye kuhusu intakula, kifaa cha kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, ambayo aliiita urembo. Supachaja ya rota kama SC14 huipasha hewa moto sana inapoisukuma, na anayeijua Oktoba ya Tabora, kabla mvua hazijaanza, atanielewa ninaposema kwamba kwangu intakula ndogo inatangulia rimu mpya na kila kitu kinachong'aa.

Kwa upande mwingine, maelekezo yake ya kukagua supachaja ya mtumba yaliniokoa. Nilimtuma binamu yangu Kariakoo akiwa ameyaandika: azungushe puli kwa mkono asikilize beringi, achungulie kama utando wa rota umechubuka, na ahakikishe mafuta ya gia zake, ambayo ni tofauti na mafuta ya injini, yapo na si meusi. Muuzaji wa kwanza hakutaka iguswe kabla ya malipo, binamu akaondoka zake. Ya pili ilikuwa kavu kabisa.

Hedi imeshushwa Jumatatu, na valvu ya silinda ya nne imekutwa imeungua ukingoni, upande mmoja, kama mzee alivyotabiri. Rejeta ndiyo inayofuata, kisha pampu, na supachaja itanunuliwa mwisho. Anayekusudia kwenda huko aende asubuhi, adai risiti mapema, na abebe gasketi ya hedi aliyoinunua mwenyewe, maana waliyonionyesha dukani kwao ilikuwa ya injini nyingine.